Redio ya gari na ramani: soma hapa kabla hujatuma hela Kariakoo

Hela za korosho zikianza kuingia na maswali nayo yanaanza, na kila msimu ni yaleyale. Mtu kavuta IST au Noah, imetoka bandarini Dar, imeteremka mpaka Mtwara salama, kesho yake anauliza "wakuu, redio inashika stesheni mbili tu, shida nini?" Mwingine "skrini imeandika Kijapani inaomba kadi, nifanyeje?" Wa tatu anatuma picha ya skrini ya inchi 10 inawaka taa kama ukumbi wa harusi, "hii ni nzuri?", gari gani hasemi, tundu la dashibodi lina ukubwa gani hasemi, anataka jibu sasa hivi. Basi naandika yote hapa kwa pamoja, mwenzako akiuliza mtumie.

Niseme mapema ninavyoona mimi: redio inachaguliwa mwisho. Unaanza na gari yenyewe, unakuja kwenye ramani utakayotumia njiani, halafu ndio unaangalia redio gani inakaa hapo katikati. Wanaoanza na ukubwa wa skrini ndio hao wanaouza tena baada ya miezi miwili.

Uwe na hivi kwanza:

- Jina kamili la gari na mwaka wake, na namba za mwanzo za chesisi (mfano IST ya kwanza ni NCP60, NCP61 au NCP65). "Noah" peke yake haitoshi, ya zamani na mpya dashibodi ni mbalimbali kabisa.
- Rula au tepu.
- Picha ya dashibodi, karibu, bila flashi ya kamera.
- Multimita (kipimo cha umeme), au angalau taa ya kujaribia umeme.
- Spana namba 10, bisibisi ya nyota, na kipande cha plastiki ngumu cha kubandulia dashibodi.
- Flashi yenye nyimbo na simu yenye nafasi ya kutosha.
- Kadi ya ramani iliyokuja na gari, kama ipo. Usiiguse, usiifute uweke taarabu. Nitakuambia kwa nini.

1. Ijue redio iliyokuja na gari, inawezekana huhitaji nyingine

Redio za Japani zimetengenezwa kwa FM ya kwao, 76 mpaka 90 MHz, za miaka ya karibuni zinafika 95. Sisi stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Pale yanapokutana, 87.5 mpaka 90, ndipo unapodaka hizo mbili zako. Redio siyo mbovu.

Kama CD, AUX au Bluetooth vinafanya kazi na wewe unachotaka ni taarifa ya habari na mpira, nunua ekspanda. Ni kiboksi kidogo kinakaa kati ya waya wa antena na redio, kinashusha masafa yetu mpaka redio iyasikie. Ila usichukue yoyote tu. Ukichukua inayoshusha 14, redio ya 76 mpaka 90 itakuwa inasikia 90 mpaka 104, na stesheni ya 98.0 utaikuta imekaa kwenye 84.0. Ukichukua ya 18 utasikia 94 mpaka 108. Hakuna itakayokupa zote, maana dirisha la redio lina upana wa 14 tu na sisi tunatumia kama 20. Kwa hiyo kaa chini, andika namba za stesheni unazosikiliza kweli, Safari FM, Jamii FM ya Naliendele, Mashujaa kama uko Lindi, TBC, hizo zako, halafu ndio uchague ekspanda inayozikusanya nyingi. Watu wengi wanaruka hapa, wanafunga, wanakuja kulalamika stesheni wanayoipenda haipo.

Sasa hizi zenye navigesheni ya Kijapani, yaani mfumo wa ramani ndani ya redio yenyewe. Nyingi za Toyota betri ikichomolewa zinajifunga, zikiwaka zinaomba kadi ya ramani au namba ya siri, na mpaka upate hiyo kadi hata redio huipati. Ndio maana nimesema kadi usiiguse, na ndio maana gari ikiwa bado inaongea vizuri usimruhusu fundi achomoe betri kabla hamjaangalia kama kadi iko ndani. Wapo mafundi wanaofungua kwa namba au kwa kadi waliyoiandaa, wengine wanajua kweli na wengine wanabahatisha, wewe lipa ukishaiona inawaka mbele yako. Na ujue unachofungua: hata ikifunguka ramani ni ya Japani, gari iko Mikindani na yenyewe haina habari na Afrika, na menyu kwenye modeli nyingi haigeuki kuwa Kiingereza. Ukifungua unapata redio, kamera ya rivasi na pengine Bluetooth. Kama hiyo inakutosha, hongera, umeokoa hela.

2. Angalia volti na angalia AC

IST, Noah, Vitz, Hiace, Harrier, hizi ni volti 12. Coaster, Canter na Fuso mara nyingi ni 24, na redio karibu zote za sokoni ni za 12. Ukiunga moja kwa moja inakufa hapohapo na moshi unauona. Unahitaji kipunguza umeme cha kutoka 24 kwenda 12. Kuna ujanja wa kuchukua umeme kwenye betri moja kati ya zile mbili, usikubali, betri moja inachoka kabla ya mwenzake na mwisho unanunua zote.

Halafu AC. Gari zingine, Subaru Legacy za kati ya 2005 na 2009 ni mfano mmoja, baadhi ya Crown na Prius za zamani pia, vitufe au maonyesho ya AC yamo ndani ya redio au skrini ileile. Ukiitoa umetoa na AC, na kwa joto la Lindi la Januari sitaki hata kufikiria. Kama gari yako ni hivyo, tafuta fremu maalum inayohamisha AC, au acha redio ilivyo na utumie simu.

3. Pima tundu

Toa rula. Upana kwa urefu, milimita.

Tundu la 180 kwa 50 ni DIN moja (DIN ni kipimo cha kawaida cha redio za gari). 180 kwa 100 ni DIN mbili, Nissan nyingi ziko hivi. Toyota za Japani ni 200 kwa 100, na hizo milimita 20 ndizo zinazoleta zile redio zenye nafasi pembeni zimezibwa na gundi au boksi lililokatwa kwa kisu. Sio lazima iwe hivyo, kuna redio za upana wa 200 na kuna vipande vya pembeni vya kuongezea, ni swala la kusema wakati unanunua.

Pima na kina. Redio zenye CD ni ndefu kwa nyuma, za Android nyingi ni fupi. Kwenye gari ndogo, nyuma ya redio kunakuwa na bomba la AC na furushi la waya, redio ndefu haiingii, fundi anasukuma, anasukuma tena, siku ya tatu waya umekatika.

Skrini za inchi 9 na 10 zenyewe haziangalii tundu, zinakaa juu ya fremu ya plastiki iliyotengenezwa kwa modeli na mwaka wa gari yako. Fremu ikikosewa hakuna kurekebisha. Na useme usukani uko kulia, kuna fremu za modeli ileile za nchi za usukani wa kushoto, zinafanana kwenye picha lakini kwenye gari matundu ya AC hayakutani.

4. Amua ramani

Kabla ya yote hili lieleweke maana linachanganya watu: GPS haitumii bando. Simu au redio inasikiliza satelaiti bure, popote, hata katikati ya pori la Liwale. Kinachotumia bando ni kuvuta picha ya ramani. Ukiwa na ramani tayari ndani ya kifaa, mtandao hauhitajiki. Yaani mtu anayesema "navigesheni ya gari yangu haishiki huko porini" tatizo lake siyo satelaiti, ni kwamba hakupakua ramani kabla ya kuondoka.

Njia zako ni hizi.

Simu kwenye kishikio. Ndiyo ya bei rahisi, ndiyo ramani mpya kuliko zote, na kusema kweli kwa watu wengi wa huku inatosha kabisa. Ubaya wake ni joto: simu ikae kwenye kioo cha mbele saa saba mchana, ikichaji, GPS imewashwa, baada ya muda inaandika imepata joto na inapunguza mwanga au inazima. Iweke kwenye tundu la hewa ya AC, siyo kwenye kioo. Na simu ya kuitegemea njiani usiishike mkononi ukiwa unaendesha, barabara yetu ina ng'ombe, bodaboda na malori ya makaa ya mawe kwa wakati mmoja.

Redio yenye CarPlay (ya iPhone) au Android Auto (ya simu za Android). Hapa skrini ya gari inaonyesha ramani ya simu yako, akili yote iko kwenye simu. Redio haizeeki haraka kwa sababu simu ndiyo inayoapudetiwa. Kwa mwenye iPhone mimi ningemshauri hii bila kufikiri sana. Kwa mwenye Android jaribu na simu yako mwenyewe palepale dukani, siyo simu ya muuzaji, kuna simu zinakubali kwa waya tu na kuna zinazogoma kabisa.

Redio ya Android yenyewe, ambayo ni kama kishikwambi kilichofungwa kwenye dashibodi. Ina GPS yake na antena yake, unaweka programu za ramani humohumo ndani. Nzuri kwa gari inayoendeshwa na watu tofauti, mfano Noah ya abiria au gari ya ofisi, dereva akibadilika ramani inabaki. Ila bando unaipa kwa hotspoti ya simu au laini yake kama ina sehemu ya laini, na ikiwa ya bei ya chini itakuchosha, nakuja hapo.

Navigesheni za kadi zinazouzwa na redio, zile "ina ramani ya Afrika nzima", nenda nazo polepole. Mwambie muuzaji aandike Tandahimba, halafu Ruangwa, halafu Mangaka. Akishindwa kuzipata mbele yako, hautazipata wewe njiani.

5. Sasa chagua redio

Kama umeamua simu kwenye kishikio: nunua redio ya kawaida ya kampuni inayojulikana, Pioneer, Sony, Kenwood, JVC, yenye Bluetooth na USB. Sauti yake itaishinda skrini ya Android ya bei sawa, FM yake inashika mbali zaidi, na inawaka ukizungusha ufunguo tu. Feki za majina haya ziko nyingi, angalia herufi za jina moja moja na uone kama boksi lina namba ya mfululizo inayofanana na ya mgongoni kwenye redio.

Kama ni CarPlay au Android Auto: hakikisha ina waya na siyo bila waya peke yake, maana unapotembea Mtwara mpaka Dar, kilomita zaidi ya 500, simu unataka ichaji hukohuko.

Kama ni Android: usichukue chini ya GB 2 za RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), na ukiweza chukua 4 na kuendelea. Ya GB 1 ukifungua ramani na muziki kwa pamoja, mmoja anakufa. Tatizo ni kwamba hizi zinadanganya. Menyu inaandika Android ya juu na RAM kubwa, ndani ni vingine, wanabadilisha maandishi tu. Weka programu kama CPU-Z uangalie, ingawa kuna zinazoidanganya hata hiyo, kwa hiyo kipimo ninachokiamini zaidi ni kuitumikisha: cheza nyimbo kutoka flashi, fungua ramani, sogeza ramani kwa kidole haraka, halafu ingiza rivasi. Kamera isipotokea mara moja au muziki ukakatakata, rudisha.

Skrini iangalie nje ya duka, juani, ukiwa umesimama upande wa kulia maana ndiko dereva anakokaa. Dukani ndani kila skrini inapendeza.

Na hizi wati. Boksi limeandikwa 4x60W, yaani 240. Geuza redio uone fyuzi yake mgongoni, ampea 10 au 15. Hata ikiwa 15, zidisha na volti 14 za gari ikiwa inawaka, unapata wati 210 zinazoingia, na sehemu kubwa inapotea kuwa joto. Kwa hiyo 240 zinatoka wapi? Kiukweli redio ya gari bila amplifaya inakupa kama wati 20 kila spika. Kwa spika za milangoni inatosha, kwa bufa haitoshi, bufa ina amplifaya yake na waya wake mnene kutoka kwenye betri.

6. Nunua fremu, soketi na kiunganishi cha antena pamoja na redio

Hiki ndicho kipengele ninachokipigia kelele sana. Toyota nyingi za Japani zina soketi mbili nyuma ya redio, moja ya pini 10 na moja ya pini 6. Zipo soketi za kuunganishia zinazouzwa bei ndogo tu, upande mmoja unaingia kwenye soketi ya gari na upande wa pili waya za redio mpya. Hakuna kukata chochote. Siku ukitaka kurudisha redio ya zamani au kuuza gari, unachomoa.

Kuna fundi mmoja wa mjini kwetu, simtaji, gari ya ndugu yangu iliingia kwake na soketi nzima ikatoka imekatwa kwa koleo, waya 16 zimesokotwa mkono kwa mkono na kuzungushiwa utepe mweusi. Ilifanya kazi vizuri kabisa, kama mwezi. Kwa joto la huku gundi ya utepe inayeyuka, unateleza, waya zinabaki uchi, na kwa sisi tulio karibu na bahari hewa ya chumvi inafanya shaba iwe ya kijani. Spika ya kushoto ikaanza kukata, halafu fyuzi ikawa inaungua kila wiki. Fundi akikwambia soketi haina haja, mwambie wewe unayo tayari.

Antena vilevile, kichwa cha antena cha Toyota hakifanani na cha redio nyingi mpya, kuna kiunganishi chake. Nunua Dar yote kwa mara moja maana huku ukikosa kiunganishi cha elfu chache gari inakaa dashibodi wazi ikisubiri kifurushi cha basi.

7. Jaribu kabla hujalipa, au kabla mzigo haujapanda basi

Ukiwa Dar mwenyewe, iwashe pale pale na betri ya dukani. Ukiwa Mtwara au Nachingwea unatumiwa, omba video ya redio ileile, namba ya mfululizo ionekane, ikiwa inawaka, imeunganishwa na simu, fremu imewekwa juu yake na soketi zimepangwa pembeni. Muuzaji anayekataa video ya dakika mbili, akipata hela hatapokea simu.

8. Kufunga

Unaweza kufanya mwenyewe kama mkono wako ni mtulivu. Kama siyo, mpe fundi umeme lakini simama pale.

Piga picha kila hatua. Washa redio ya zamani uone kila spika inaongea, ili baadaye usilaumu redio mpya kwa spika iliyokufa zamani. Zima gari, toa ufunguo, chomoa waya hasi wa betri kwa spana namba 10 (na ile habari ya kadi umeshaimaliza, siyo?).

Bandua dashibodi kwa plastiki, siyo bisibisi. Plastiki za gari zilizokaa juani zimekauka, vishikizo vinakatika, anza sehemu ya chini taratibu ukisikiliza mlio wa kila kishikizo. Ukikutana na soketi ya rangi ya njano iliyokaa peke yake, hiyo ni ya eabegi, usiiguse na usiipime na taa.

Redio ya Toyota imeshikwa na bolti nne na vyuma viwili vya pembeni. Vyuma hivyo vihamishie kwenye redio mpya na tumia skrubu fupi zilizokuja nayo. Skrubu ndefu inaingia mpaka ndani ya bodi na redio imekwisha kabla haijawashwa.

Waya za redio mpya nyingi ni hivi: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni umeme wa ufunguo, nyeusi ni ardhi, buluu ni antena, buluu na mstari mweupe ni amplifaya, rangi ya chungwa ni taa. Nyeupe na kijivu spika za mbele, kijani na zambarau za nyuma, yenye mstari mweusi ndiyo hasi. Lakini rangi za upande wa gari ni nyingine kabisa. Kwenye Toyota kuna waya wa zambarau na waya mweusi ambazo ni za spika, siyo ardhi, kwa hiyo usiunganishe rangi kwa rangi. Ukiwa na soketi hili halikuhusu, ukiwa huna rudisha betri kwa muda upime kila waya: unaowaka hata ufunguo ukiwa umetolewa ndio wa kudumu, unaowaka ufunguo ukiwa kwenye ACC tu (hatua ya kwanza ya ufunguo, injini bado haijawaka) ndio wa ufunguo.

Hasi ya spika usiiunge na bodi ya gari. Hata moja. Unachoma redio.

Ukisokota waya, lehemu au bana kwa kibanio, halafu funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Furushi lifunge lisigonge, maana barabara ya Newala itakutafutia kila kilicholegea.

Antena ya GPS iweke juu ya dashibodi chini ya kioo, uso juu. Siyo nyuma ya redio kwenye chuma. Maikrofoni ya simu juu karibu na nguzo ya dereva, mbali na tundu la AC. Kabla hujarudisha plastiki, rudisha betri, jaribu kila kitu: FM, kila spika, Bluetooth, rivasi, taa za usiku. Halafu ndio ubonyeze plastiki.

9. Pakia ramani ukiwa na mtandao mzuri

Kwenye Google Maps pakua maeneo kwa vipande vinavyogusana, mfano Mtwara na Lindi, halafu Kilwa, halafu Rufiji mpaka Dar. Njia nzima lazima iwe ndani ya vipande ulivyopakua. Hizi ramani zina muda wake, ukiwa kwenye wifi ziapudeti. Ongeza na programu moja inayotumia OpenStreetMap (ramani ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea), kama Organic Maps au OsmAnd, unapakua Tanzania yote, mamia ya MB, na vijijini mara nyingi ina njia ndogo ambazo nyingine haina.

Majina yanachanganya. Ukiandika Mnazi Mmoja ukiwa unataka ile ya Mingoyo, njia panda ya Lindi, Mtwara na Masasi, ramani inaweza ikakupeleka Dar au Zanzibar. Mtama nayo iko ya barabara ya Masasi na iko ya Somanga. Gusa sehemu kwenye ramani yenyewe, usiamini jina.

Njia fupi pia usiiamini, hasa masika. Programu inaona mstari tu, haioni matope wala mchanga. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mvua na barabara ya Kusini ikakatika Somanga, ramani ambayo haikuwa na mtandao iliendelea kuonyesha njia nyeupe. Kabla hujaacha lami Nangurukuru kwenda Liwale, au kabla hujakata kupitia Nanyamba kwenda Tandahimba baada ya mvua kubwa, muulize dereva wa Hiace stendi. Ametoka huko asubuhi.

Ikileta shida

*Haiwaki kabisa.* Fyuzi ya mgongoni, fyuzi ya gari, halafu ardhi. Kwa mpangilio huo.

*Inawaka ila kila ukizima inasahau saa na stesheni.* Njano na nyekundu zimebadilishana, au zote ziko kwenye umeme wa ufunguo.

*Asubuhi betri imekufa.* Zote mbili zimeungwa kwenye umeme wa kudumu, redio hailali. Kwa Android angalia pia kwenye seting muda wa kulala, zingine zinabaki zimesinzia siku nyingi, na gari ikikaa wiki bila kuwashwa betri inakwenda.

*Inawaka, sauti hakuna.* Waya wa spika umegusa bodi, redio imejizuia. Au gari ina amplifaya yake ya kiwandani na waya wa buluu wenye mstari mweupe haujaungwa.

*Mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta.* Ardhi mbovu. Hamishia kwenye chuma safi kilichokwanguliwa rangi.

*FM inashika karibu tu.* Gari nyingi za Japani antena iko kwenye kioo na ina kikuza mawimbi kinachotaka umeme, waya wa buluu huo, watu wengi wanauacha unaning'inia. Na kwenye seting ya redio weka eneo la Ulaya, siyo Marekani, maana kwa Marekani inaruka namba na baadhi ya stesheni zetu haitazisimamia.

*GPS inakuonyesha uko baharini.* Antena imelegea nyuma au iko chini ya chuma. Toa gari nje, mbali na mwembe na bati, iache dakika kadhaa mara ya kwanza. Ikiwa kweli uko kwenye kivuko cha Msanga Mkuu, basi iko sahihi.

*Vitufe vya usukani havifanyi kazi.* Unganisha waya za redio zilizoandikwa KEY, ingia seting, ifundishe kitufe kimoja kimoja. Gari mpya kidogo zinahitaji kiboksi cha CANbus (kinachoiwezesha redio kuongea na kompyuta ya gari) cha modeli hiyo, bila hicho utabonyeza mpaka kesho.

*Kamera ya rivasi ni nyeusi.* Waya wa kuishtua haujaungwa na taa ya rivasi nyuma, au kamera yenyewe inakosa umeme. Picha ikiwa kinyume, kushoto kuwa kulia, tafuta seting ya kugeuza. Zingine hazina seting hiyo, zina kawaya kadogo kwenye kamera unakikata. Soma karatasi yake kwanza uone ni kapi.